Maandishi ya Nyuma ya Chupa

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Kengele alikuwa na chupa arobaini za kuosha. Alizitumbukiza kwenye maji ya sabuni, akazisugua ndani kwa brashi yenye shingo ndefu, akazisuuza kwa maji ya moto, kisha akazipanga kichwa chini miguu juu kwenye kichanja cha mbao nje ya mlango wa jikoni. Mama yake alikuwa mkali sana kwa jambo hilo. “Maziwa hayana subira na uchafu,” alizoea kusema. “Chupa moja ikinuka, mtaa mzima utajua kabla ya saa nne.”

Kengele halikuwa jina lake la shuleni. Alipewa na majirani siku ya tatu baada ya kuzaliwa, kwa sababu alilia mpaka watu wa nyumba ya nne wakatoka nje kuuliza kuna nini. Jina likamganda, na mama yake naye akawa Mama Kengele, muuza mtindi.

Kazi yenyewe ilianza jioni. Mama alichemsha maziwa, akayaacha yapoe mpaka kidole kiweze kukaa ndani bila kukimbia, akatia kijiko cha mtindi wa jana, akafunika sufuria kwa blanketi kama anayelaza mtoto. Kulipokucha maziwa yalikuwa yameganda. Aliyapiga kwa mwiko mpaka yakawa laini, akachanganya na maji ya pasheni yaliyochujwa, na katika kila chupa akatia vijiko viwili vikubwa vya sukari. Chupa ziliingia kwenye friji iliyosimama nyuma ya kidirisha cha mbele, na kupitia kidirisha hicho mtaa ulikuwa umenunua mtindi kwa miaka sita. Hapakuwa na kibao wala lebo. Mtu alisema tu, “Mama Kengele, nipe wa baridi,” akapewa.

Mambo yalibadilika pale baba yake Wino alipofungua duka lenye mlango wa kioo upande wa pili wa barabara.

Wino alikuwa rafiki wa Kengele na mwenzake wa dawati tangu darasa la pili. Aliitwa hivyo kwa sababu vidole vyake havikukosa doa la kalamu hata siku moja. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa walimu wengi, kwa hiyo baba yake alimpa kazi ya kuandika kadi za kubandika kwenye rafu. Maneno yalitoka kwa baba, mwandiko ukatoka kwa binti, na vyakula vya kawaida vikaanza kupandishwa vyeo. Mchele ukawa “Mchele wa Kifalme”. Nyanya zikawa “Nyanya Zilizobusiwa na Jua”. Chumvi ikaandikwa “Chumvi ya Milimani Iliyochaguliwa kwa Mkono”, na mayai yakawa “Mayai ya Kuku Wenye Furaha”.

“Kuku wenye furaha?” aliuliza Mama Kengele aliposimuliwa. “Nani aliwauliza?” Alicheka mpaka akalazimika kukaa kwenye ndoo.

Kengele hakucheka. Alikuwa ameona jambo ambalo mama alijifanya halioni. Jioni chupa zilikuwa zinabaki kwenye friji, kwanza tano, kisha kumi na mbili. Duka la kioo nalo liliuza mtindi, katika vikombe vyembamba vya plastiki ambavyo havikufika hata nusu ya chupa ya mama yake. Juu ya kila kikombe kulikuwa na picha ya ng’ombe mwenye kope ndefu, na kwenye rafu, kupitia kioo, kadi ya Wino ilisomeka: “Mtindi wa Shamba, Utamu wa Asili.” Watu waliokunywa mtindi wa akina Kengele miaka sita sasa walipita mbele ya kidirisha wakiwa wameshika vikombe hivyo, wengine wakisalimia kwa haraka huku wakitazama pembeni.

Hilo lingeweza kuvumilika kama si insha. Kwa miaka mitatu mfululizo insha iliyobandikwa kwenye ubao wa darasa ilikuwa ya Kengele. Ijumaa moja mwalimu wa Kiswahili aliingia na karatasi mkononi, akasoma kwa sauti insha iliyoeleza soko la mtaa. Alipofika kwenye “nyanya nyekundu zilizobusiwa na jua” alisimama, akavua miwani, akairudia sentensi ile. Darasa likapiga makofi. Insha ilikuwa ya Wino.

Wino alimgeukia Kengele akitabasamu, uso wote umemng’aa. “Umeipenda?” akamnong’oneza.

“Nyanya hazibusiwi,” alisema Kengele. “Zinachumwa.” Kisha akachukua begi lake na kuliweka katikati ya dawati, kati yake na rafiki yake.

Tangu siku hiyo kila kilichokuwa cha Wino kilimchoma. Viatu vya Wino vilimchoma, kicheko chake kilimchoma, hata doa la kalamu kwenye vidole lilimchoma, kwa sababu sasa lilionekana kama pete. Akilala anamwona Wino, akiosha chupa anamwona Wino. Wivu ni mgeni wa ajabu: humkaribishi, lakini hula sahani yako.

Jumapili Kengele alinunua karatasi za rangi, akakata lebo ndogo, akaandika juu ya kila moja: “Mtindi wa Kifalme.”

Mama alizitazama, akatabasamu. “Huyo mfalme anaishi nyumba gani hapa mtaani? Bandika ukipenda. Lakini chema chajiuza, mwanangu, kibaya chajitembeza.”

“Mbona basi chetu hakijiuzi?”

Mama alichukua kitambaa akaanza kufuta friji ambayo ilikuwa safi tayari.

Lebo za kifalme zilileta wateja wawili tu. Ndipo Jumanne Kengele akaandika kadi kubwa, kwa herufi alizozikazania mpaka ulimi ukatoka nje ya midomo: “Utamu wa Asili. Hauna Sukari.” Kila siku saa kumi mama alikuwa akibeba chupa ishirini kupeleka kwenye ofisi za mtaa wa juu, na Kengele akabaki kuuza kidirishani. Mama alipopinda kona, kadi ilitundikwa kwenye msumari. Mama aliposikika akirudi, kadi iliingia chini ya madaftari. Mtu anayeficha kadi anajua vizuri kwa nini anaificha.

Saa kumi na nusu siku hiyohiyo alikuja fundi saa. Kibanda chake kilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwa akina Kengele, na watoto wote walimwita Babu Fundi. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari kwa miaka mingi, na hakuna asiyejua, maana mwenyewe aliutania. “Mimi nimeshakuwa mtamu vya kutosha,” alikuwa akisema akikaribishwa chai. “Msiniongezee.”

“Shikamoo, Babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Macho yangu yananidanganya, au hapo pameandikwa hauna sukari?”

Kengele alifungua mdomo ili amwambie kwamba ile ni kadi tu. Maneno yalikuwa yamefika ncha ya ulimi. Lakini palepale Wino alikuwa amevuka barabara kuja kutafuta chenji, na sasa alisimama nyuma ya mzee akiisoma ile kadi.

“Kweli hauna?” aliuliza Wino. “Wa dukani kwetu unayo. Baba anasema bila sukari haununuliki.”

Hakusema kwa ubaya, alishangaa tu. Lakini Kengele alisikia dharau mahali ambapo haikuwepo. Sikio la mwenye wivu lina kazi hiyo.

“Hauna,” alisema, akimtazama Wino badala ya mzee. “Utamu wake ni wa asili.”

“Basi hata sisi wagonjwa tumekumbukwa,” alisema Babu Fundi kwa furaha ya kweli. “Nipe mbili. Moja ya sasa, moja ya jioni.”

Tangu siku hiyo alikuja kila siku, chupa mbili. Wengine nao walikuja: msusi aliyetaka kupunguza mwili, karani wa shule, kijana aliyekuwa akikimbia mbio za asubuhi, na majirani wengine wachache. Friji ilianza kubaki tupu. Mama alifurahi, akasema kumbe lebo za mfalme zina baraka. Kengele alienda shule akiwa amenyoosha shingo, akahakikisha Wino anasikia alipowaambia wengine kwamba mtindi wao unaisha kabla ya saa kumi na mbili. Alingoja kuona Wino akikunja uso. Wino alisema tu, “Hongera,” akarudi kwenye daftari lake. Kengele aliona kama ameibiwa.

Siku ya nne Babu Fundi alikuja akilalamika kiu. “Nakunywa maji kama ngamia,” alisema, “na choo nakijua kuliko kitanda changu.” Siku ya sita alilalamika macho. Skrubu za saa zilikuwa ndogo kama punje za mchanga, na sasa zilikuwa zinacheza mbele yake. “Labda ni uzee umekuja kupiga hodi,” akasema, akachukua chupa zake mbili.

Kengele alimtazama akienda kwa mwendo wa kuburuta miguu. Sauti ndogo ndani yake ilisema, mwambie. Alijibu kwamba atamwambia kesho. Kesho yake alisema atamwambia keshokutwa.

Siku ya nane mzee hakuja. Ilipofika saa kumi na moja Kengele hakuweza kukaa tena. Alifunga kidirisha, akaenda mbio mpaka kibandani. Babu Fundi alikuwa kwenye kiti chake, kichwa kimeegemea ukuta, midomo imemkauka. Ile lenzi anayoivaa jichoni ilikuwa imeanguka sakafuni. Kando ya saa iliyofunguliwa kulikuwa na jagi tupu la maji na chupa ya mtindi iliyobaki robo.

“Babu.”

“Nani huyo?” aliuliza, ingawa Kengele alikuwa hatua moja tu kutoka kwake.

Kengele aligeuka na kukimbia. Alimkuta mama ndio kwanza anaingia na kapu tupu. Mama alisikia maneno mawili tu, “Babu Fundi,” akatupa kapu. Wakamwomba jirani mwenye teksi, wakamwingiza mzee kwenye kiti cha nyuma, Kengele akimshikilia kichwa kisigonge mlango. Mkono wa mzee ulikuwa mkavu na wa moto.

Zahanati ilinuka dawa ya kusafishia sakafu. Nesi mmoja mfupi, mwenye sauti kavu na mikono myepesi, alimtoboa mzee kidole, akaweka tone la damu kwenye kijiti, akasubiri. Kipimo cha sukari kilisoma ishirini na tatu.

“Mwezi uliopita ulikuwa na nane,” alisema. “Umekula nini, mzee wangu?”

“Nimefuata masharti yote,” alisema Babu Fundi, ulimi mzito. “Chai kavu. Mboga. Mtindi kidogo.”

“Mtindi wenye sukari?”

“Hauna. Umeandikwa.” Baada ya hapo alifumba macho, wakamsukuma kwa kiti cha magurudumu kwenda kuwekewa dripu.

Mama na Kengele walibaki kwenye benchi la korido. Nesi alirudi na faili, akasimama akiandika.

“Mtindi usio na sukari ananunua wapi?” aliuliza bila kuinua macho.

“Si kwangu,” alisema Mama Kengele. “Wangu una sukari na yeye anajua, hajawahi kuunywa. Itakuwa ni ule wa duka la kioo. Wameandika pale utamu wa asili.”

“Kama wameandika uongo kwa wagonjwa, nitawapeleka kwa bwana afya,” alisema nesi. “Duka litafungwa.”

Mbele ya Kengele palikuwa na mlango uliofunguka wenyewe. Hakuhitaji hata kusema uongo, alihitaji kunyamaza tu. Aliona mlango wa kioo ukiwa na kufuli. Aliona rafu tupu bila kadi. Aliona ubao wa darasa na insha yake ikiwa imerudi mahali pake. Kwa muda wa pumzi mbili au tatu picha hiyo ilikuwa tamu, tamu kuliko chochote alichowahi kutia kwenye chupa.

Kisha nesi akafunga faili. “Kwa vyovyote, dawa anazotumia hazimtoshi tena. Daktari atampandisha dozi leo.”

“Atapona?” aliuliza Mama.

“Tuombe Mungu. Kama chanzo si chakula, ni ugonjwa wenyewe umekua.”

Ugonjwa haukuwa umekua, na katika jengo lile lote Kengele peke yake ndiye aliyejua. Alisimama.

“Si duka la kioo,” alisema. “Ni mtindi wetu. Mimi niliandika kwamba hauna sukari.”

Mama aligeuza kichwa polepole. Nesi naye akakaa kwenye benchi, wakawa sawa macho kwa macho. “Chupa ngapi kwa siku?”

“Mbili.”

“Sukari kiasi gani?”

“Vijiko viwili vikubwa kila chupa. Kwa siku saba. Na leo alikuwa anamalizia ya jana.”

Nesi aliandika yote. Hakufoka. “Sasa sikiliza,” alisema. “Tungempandisha dozi. Angerudi nyumbani na kuuacha huo mtindi, sukari ingeshuka ghafla akiwa peke yake kibandani. Sukari ya kushuka huua haraka kuliko ya kupanda. Umefanya vizuri kusema. Ungesema wiki iliyopita ungefanya vizuri zaidi.” Akainuka na faili lake, akaenda kumtafuta daktari.

Njiani kurudi nyumbani Mama Kengele alitembea mbele kwa hatua ndefu. Kengele alitamani agombezwe, hata achapwe, kuliko kuufuata mgongo wa mama. Walipofika, mama alifungua friji, akazibandua lebo zote moja moja.

“Nani wengine walinunua kwa sababu ya ile kadi?”

Kengele akawataja.

“Twende.”

“Sasa hivi, Mama?”

“Uongo wako unatembea tangu wiki iliyopita. Unadhani utausubiri urudi wenyewe?”

Walipita nyumba kwa nyumba. Kila mlango ulipofunguliwa, mama alirudi hatua moja nyuma, Kengele akasema mwenyewe: “Niliwaambia mtindi wetu hauna sukari. Unayo. Samahani.” Msusi alicheka, akasema ndio maana kiuno chake kimekataa kupungua. Karani wa shule alisikitika. Baba yake yule mkimbiaji alikasirika, akasema hatanunua tena kwao hata kwa dawa, na mama akamjibu kwamba ana haki. Kengele alilia kati ya nyumba ya nne na ya tano, akapangusa uso, akagonga hodi ya tano.

Babu Fundi alitoka zahanati siku ya tatu, kipimo kikiwa kimeshuka mpaka tisa, dawa zilezile za zamani mfukoni. Kengele alimfuata kibandani akapiga magoti.

“Nesi ameniambia yote,” alisema mzee. Alichukua lenzi yake akaipangusa. “Sitasema si kitu. Nilikuwa nakuamini wewe, si ile kadi. Kadi ni karatasi.”

Maneno hayo yalimwingia Kengele kuliko kofi. “Nifanye nini, Babu?”

“Maandishi madogo siyaoni. Kwa mwezi mmoja, kila nitakapokwenda kununua chakula, utakuja kunisomea yaliyoandikwa nyuma. Ya mbele niachie mwenyewe, yale hata kipofu huyaona.”

Ndivyo Jumamosi ile Kengele alivyojikuta akisukuma mlango wa kioo kwa mara ya kwanza, mzee nyuma yake na kapu. Wino alikuwa kwenye kona ya ndani, amekaa juu ya kreti, kadi zimemzunguka. Kengele aliinamisha macho, akaanza kazi. Alichukua boksi la juisi lililoandikwa “Tunda Halisi kutoka Moyoni mwa Bustani”, akaligeuza.

“Maji,” alisoma. “Sukari. Maji ya chungwa, sehemu kumi kwa mia. Rangi.”

“Moyo wa bustani umejaa maji,” alisema Babu Fundi. “Rudisha.”

Biskuti za “Afya Bora” zilikuwa na sukari kwenye mstari wa kwanza. Karanga zilizoandikwa karanga tu, bila sifa yoyote, zilikuwa na karanga na chumvi, basi. Mzee akazichukua. Mteja mwingine, mama mwenye mtoto mgongoni, alisimama kusikiliza, naye akaanza kugeuza pakiti zake. Baba yake Wino alikohoa mara mbili kwenye kaunta, akajishughulisha na mizani.

Wino alikuja karibu. “Ule mchele wa kifalme,” alisema kwa sauti ya chini, “unatoka kwenye gunia moja na huu wa kawaida. Nilimwuliza Baba, akasema wafalme pia hula mchele.”

Kengele alijikuta akicheka, kisha kicheko kikakatika. “Nilitaka duka lenu lifungwe,” alisema. “Pale zahanati. Karibu ninyamaze.”

“Kwa nini?” aliuliza Wino.

“Una kila kitu. Duka, mwandiko, insha yako ubaoni.”

“Nina kadi,” alisema Wino. Alionyesha rundo lililokuwa kwenye kreti. “Kila siku tangu natoka shule mpaka duka linafungwa. Baba akiona herufi moja imepinda, naanza upya. Mama yuko mji mwingine kikazi, anakuja mara mbili kwa mwaka. Nikiandika nawasikia wewe na mama yako mnacheka pale kidirishani. Siku moja nilivuka nikasema natafuta chenji. Chenji tulikuwa nayo.”

Kengele aliinama akaanza kumsaidia kupanga kadi.

Wiki iliyofuata chupa za Mama Kengele zilipata lebo mpya. Wino ndiye aliyeziandika, kwa mwandiko wake mzuri, na maneno yalikuwa ya Kengele: “Mtindi. Una maziwa, pasheni, na sukari vijiko viwili vikubwa.” Kando zilisimama chupa chache zenye kifuniko cheupe: “Mtindi mtupu. Maziwa peke yake.” Nesi alizionja, akasema Babu Fundi anaweza kunywa kikombe kidogo kwa siku. Wateja hawakurudi wote, na yule baba mwenye hasira hakurudi kabisa. Lakini mama mwenye mtoto mgongoni alikuja, akaigeuza chupa akitafuta maandishi ya nyuma, akakuta yote yako mbele. Akanunua tatu.

Jioni hiyo, wakichuja pasheni jikoni, Kengele alimweleza mama yake habari za Wino, za kadi na za ile chenji ambayo haikuwa inatafutwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea na kazi.

“Umejifunza kugeuza chupa,” alisema. “Ni vizuri. Mbele muuzaji hujisifu, nyuma huungama, na mnunuzi mwenye akili husikiliza maungamo kwanza. Lakini binadamu naye ameandikwa pande mbili, mwanangu. Wewe ulimsoma mwenzako mbele tu, kwa herufi kubwa: duka, makofi, mlango wa kioo. Ukaumia, na kwa kuumia kwako ukadanganya, na kwa uongo wako mtu karibu afe. Wivu ndivyo ulivyo. Hauna macho ya kusoma maandishi madogo. Siku nyingine ukiuona unakuja, usikimbilie kuandika kadi yako. Mgeuze kwanza huyo mtu, umsome nyuma.”

Akamsogezea bakuli la pasheni. “Na kesho mwite aje ale nasi. Mwambie aziache kadi hukohuko.”